Sauti na mdomo haviendi pamoja kwa video yako? Jua kwanza imehama ama inahama

Hii ni ya watu wanaoshika kamera kwa harusi, matanga, kanisa na mikutano ya chama huku Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na kwingineko, na pia ya yule amerekodi tu na simu alafu akifungua faili nyumbani anapata mdomo uko mbele na sauti imebaki nyuma. Inauma sana hiyo, hasa kama ni matanga, kwa sababu maneno ya watu wa familia pale mbele ya jeneza hayarudiwi. Lakini mara nyingi faili haijaharibika. Sauti yote iko, picha zote ziko, ni vile tu haziko mahali pake, na unaweza kuzirudisha.

Kinachopotezea watu usiku mzima ni kukimbilia kusukuma sauti huku na huku kwa taimulaini (ule mstari wa kupangia klipu ndani ya programu ya kuediti) kabla hawajajua wako na shida gani. Ziko mbili kubwa. Kuna sauti iliyohama na kuna sauti inayohama. Iliyohama imesogea kiasi kimoja tu, kama ni nusu sekunde basi ni nusu sekunde mwanzo, katikati na mwisho. Inayohama inaanza vizuri kabisa, ukifika dakika ya ishirini unaona kitu kidogo si sawa, ukifika mwisho wa ibada pasta ashafunga mdomo na bado anahubiri. Dawa ya moja haitibu nyingine, ukisukuma sauti inayohama utapanga mahali pamoja na kuharibu kwingine kote, na hapo ndio mtu anaanza kusema kompyuta imerogwa.

Kabla ya hayo yote hakikisha shida iko kwa faili na sio kwa kile unachochezea. Toa Bluetooth. Earphone na spika za Bluetooth zinachelewesha sauti, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 300, na ingawa simu nyingi hujaribu kufidia kwa kuchelewesha picha, si kila programu inafanya hivyo. Kwa hivyo chomeka earphone ya waya ama tumia spika ya laptop yenyewe, fungua faili na VLC, alafu ifungue na programu nyingine, na kama inawezekana kwa mashine nyingine. Faili kubwa ya 4K kwa laptop mzee itagandaganda picha na sauti itaendelea mbele, hiyo ni mashine kuzidiwa, faili haina makosa. Na kama video umetumiwa kwa WhatsApp usiitibu hiyo, omba mwenyewe akutumie orijino kama dokyumenti ama kwa flash, kwa sababu WhatsApp inaibana upya na hujui imebadilisha nini.

Sasa kupima. Tafuta mahali patatu, dakika ya kwanza, katikati, na dakika za mwisho, na kila mahali tafuta kitu kinachoonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Makofi ni mazuri. Ngoma ni nzuri zaidi, ukiwa na video ya isukuti kutoka Kakamega umebarikiwa kwa sababu mkono unaonekana ukitua kwa ngozi na mlio unakuja mkali. Kwa hotuba ambayo haina makofi angalia midomo kwa herufi b, m na p, hizo haziwezi kutamkwa bila midomo kufungwa na kufunguka. Kwa kanisa hii ni rahisi sana, kila mtu akishika maiki anaanza na "Bwana asifiwe", hiyo "Bw" midomo inafunga kabisa alafu inaachia, na mwisho wa maombi kuna "Amina" ama "Amen" yenye m katikati. Kwa VLC ya kompyuta bonyeza herufi E, video inaenda fremu moja moja, yaani picha moja moja. Tafuta fremu ile midomo inaachana. Alafu kwa programu ya kuediti angalia mawimbi ya sauti, utaona pale sauti inapolipuka kutoka kimya. Tofauti ya hizo mbili ndio kipimo chako. Video ya fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, ya fremu 30 ni kama 33, kwa hivyo ukihesabu fremu 6 kwa video ya 25 hiyo ni milisekunde 240.

Andika hizo namba tatu mahali. Zikiwa sawa ama karibu sawa, imehama. Zikiwa zinakua, inahama. Zikiwa sawa mpaka mahali fulani alafu ghafla zinaruka, hiyo ni ya tatu, nitafika huko.

Na usijitese na tofauti ndogo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kwa pendekezo lake BT.1359, linasema watu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa kama milisekunde 45, lakini ikichelewa wanavumilia mpaka kama 125 ndio wagundue. Hiyo tofauti ina sababu, maisha yetu yote tunaona kitu kwanza alafu tunakisikia, mtu anayepasua kuni ng'ambo ya shamba unaona shoka limetua ndio sauti ifike, lakini hakuna siku umewahi kusikia kabla ya kuona. Kwa hivyo kama lazima ukosee, kosea upande wa sauti kuchelewa kidogo.

Ikiwa imehama

Sababu ya kawaida huku kwetu ni watu wa laivu. Unachukua picha kutoka kamera kwa HDMI inaingia kwa kapcha kadi (kifaa cha kuingiza picha kwa kompyuta), na sauti unaitoa moja kwa moja kwa mixa ya kanisa. Picha inapitia kazi nyingi ndani ya kamera na ndani ya kapcha kadi kabla ifike kwa kompyuta, sauti inafika mara moja, kwa hivyo sauti inatangulia. Nyingine ni kutumia earphone za Bluetooth kama maiki, hapo sauti inachelewa.

Na kuna umbali. Watu wengi hawafikirii hii. Sauti kwa hewa inatembea karibu mita 340 kwa sekunde tu, kwa hivyo ukisimama na kamera mita 34 kutoka kwa spika, sauti inakufikia imechelewa milisekunde 100. Kwa mkutano wa uwanjani, mtu wa kamera akiwekwa huko nyuma kwa jukwaa la waandishi, hiyo mita 34 inapita kabisa, na video ya fremu 25 kila mita 13 ama 14 ni fremu moja nzima. Sauti ya maiki ya kamera pekee itachelewa na hakuna setingi ya kamera itasaidia, fizikia ni fizikia.

Hapo kuna mtego ambao nataka uushike vizuri. Siku hizi programu za kuediti zinaweza kupanga sauti zenyewe, DaVinci Resolve inafanya hivyo, Kdenlive pia, unaipa sauti ya kamera na sauti safi ya mixa, inalinganisha mawimbi na kuyalaza pamoja. Kazi safi. Lakini sauti ya kamera ilikuwa imechelewa kwa sababu ya umbali, kwa hivyo programu inachukua sauti ya mixa iliyokuwa sawa na kuichelewesha vile vile ili ifanane na ya kamera. Ukiangalia mawimbi yanalingana kabisa, ukiangalia mdomo haulingani. Watu wanaamini mawimbi. Amini mdomo. Ukishamaliza kupanga kiotomatiki na kamera ilikuwa mbali, shika ile sauti ya mixa pekee uitangulize fremu mbili tatu, yaani isogeze kushoto kwa taimulaini, mpaka ile "Bwana asifiwe" ikae kwa midomo, alafu zima sauti ya kamera.

Kurekebisha yenyewe ni rahisi. Kama unataka tu kutazama, kwa VLC ya Windows ama Linux bonyeza K kuchelewesha sauti, J kuitanguliza, kila bonyezo ni milisekunde 50. Hiyo haibadilishi faili, ukiifunga imeisha, lakini ni njia nzuri ya kujua namba unayotaka. Bonyeza mpaka mdomo ukae, soma namba inayotokea kwa skrini, iandike.

Kubadilisha faili yenyewe bila kupunguza ubora hata kidogo, tumia MKVToolNix, ni ya bure. Vuta video yako ndani, bonyeza ule mstari wa sauti, upande wa kulia tafuta palipoandikwa Delay, weka namba kwa milisekunde. Namba ya kawaida inachelewesha sauti, yenye alama ya kutoa inaitanguliza. Bonyeza kuanza, inamaliza haraka kwa sababu haitengenezi picha upya, inapanga tu upya. Utapata faili ya MKV.

Ukitaka MP4 na huogopi kuandika amri, ffmpeg, programu ya bure inayotumiwa kwa kuandika amri, inafanya hivi. Kama sauti inatangulia mdomo kwa milisekunde 240:

ffmpeg -i harusi.mp4 -itsoffset 0.24 -i harusi.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy harusi_sawa.mp4

Faili ile ile inaingia mara mbili, ile ya pili inacheleweshwa sekunde 0.24, tunachukua picha kwa ya kwanza na sauti kwa ya pili. Kama ni kinyume, yaani sauti inachelewa, badilisha tu ziwe -map 1:v -map 0:a, hapo picha ndio inacheleweshwa kusubiri sauti. Hiyo "-c copy" ndio inalinda ubora, usiisahau, bila hiyo itaanza kurenda, yaani kutengeneza, kila kitu upya.

Kwa CapCut ya simu, tenga sauti kutoka kwa klipu, alafu isogeze ukiwa umezumu taimulaini mpaka mwisho, ukisogeza bila kuzumu unaruka fremu nyingi bila kujua.

Ikiwa inahama

Hapa ndio kuna kazi, na hapa ndio kipimo chako cha mahali patatu kinalipa, kwa sababu kasi ya kuhama inakutajia mkosaji.

Ikihama kama sekunde 5 kwa kila dakika na sauti pia imebadilika, pasta amekuwa na sauti nyembamba ya mtoto ama nzito ya kulala, hiyo ni shida ya sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. Sauti ilirekodiwa kwa sampuli 44100 kwa sekunde na mahali fulani programu imeichezea kama 48000, ama kinyume. Video inatumia 48000 kwa kawaida, muziki wa CD ni 44100, na rekoda nyingi za mkononi zinaweza kuwekwa yoyote. Kwa Audacity, programu ya bure ya kuediti sauti, fungua ile sauti, bonyeza jina la treki, kwa menyu yake kuna palipoandikwa Rate, ipe namba ya kweli ambayo rekoda ilitumia, usikie kama sauti ya mtu imerudi kuwa yake, alafu itoe upya ikiwa 48000.

Ikihama kama sekunde 3.6 kwa saa, sauti ya mtu haijabadilika, hiyo ni fremu 29.97 kuchukuliwa kama 30, ama 23.976 kama 24. Tofauti yake ni moja kwa elfu. Hizo namba za ajabu zilitoka Marekani walipoongeza rangi kwa televisheni yao mwaka 1953, sisi hatukuwa na haja nazo lakini zimejaa kwa kamera na programu tunazonunua. Angalia setingi ya projekti yako, ifanane na klipu, na kama kuna mahali programu inatafsiri klipu kwa kiwango kingine cha fremu, kirudishe cha kweli.

Ikihama kidogo sana na polepole, tuseme robo sekunde kwa ibada nzima, na ulirekodi sauti kwa rekoda tofauti ama simu ya pili, hakuna kilichoharibika. Kila mashine iko na saa yake ndani na hakuna saa mbili zinazotembea sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, ambayo kwa vifaa vya bei ya kawaida si ajabu, inakupa kama milisekunde 180 kwa saa. Kwa wimbo wa dakika nne huwezi kuiona. Kwa krusedi ya saa tatu inaonekana vizuri sana.

Hiyo shida ya saa za mashine inapigiwa hesabu. Chukua alama mbili, moja karibu na mwanzo na moja karibu na mwisho, pima umbali kati yake kwa picha na umbali kati yake kwa sauti. Tuseme kwa picha ni sekunde 5400.00, yaani saa moja na nusu, na kwa sauti ya rekoda ni 5400.27. Gawanya ya sauti kwa ya picha, unapata 1.00005. Sauti ni ndefu kuliko picha kwa hivyo inatakiwa iharakishwe kiasi hicho:

ffmpeg -i rekoda.wav -af atempo=1.00005 rekoda_sawa.wav

Ukipata chini ya moja inatembezwa polepole, amri ni ile ile. Hakuna sikio la binadamu litasikia hayo mabadiliko. Kwa hotuba kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda kwa sababu haigusi sauti kabisa, kata treki ya sauti pale mhubiri anaponyamaza, kila baada ya dakika kumi hivi, na kila kipande kisogeze fremu moja ama nusu. Kwa muziki usifanye hivyo, mkato utasikika, hasa kwa ohangla, ule muziki wa Kiluo, ambayo haipumui hata kidogo.

Sasa ile kubwa, ile ambayo kama uko na simu ndio pengine imekuleta hapa. Video iko sawa kabisa ukiitazama kwa simu, iko sawa kwa VLC, lakini ukiiingiza kwa programu ya kuediti inaanza kuhama, na haihami kwa mpangilio, sehemu nyingine inahama sana, nyingine kidogo. Hiyo ni kiwango cha fremu kinachobadilika. Simu haishiki fremu 30 kwa sekunde saa zote. Jua likiwa kali inashika, giza likianza kuingia ndani ya tenti kamera inataka mwanga zaidi kwa kila fremu kwa hivyo inapunguza fremu mpaka 24 ama chini, simu ikipata joto inaweza kupunguza pia. Si kosa, kila fremu inaandikwa muda wake kamili ndani ya faili, na programu ya kutazama inasoma ule muda na kuonyesha fremu saa yake. Shida inakuja kwa programu ya kuediti isiyosoma huo muda vizuri, inahesabu fremu tu na kuamini kila moja ni sawa na mwenzake. Fremu zimepungua, kwa hivyo picha inakuwa fupi kuliko sauti. Ndio maana harusi ya mchana ikifika saa kumi na mbili jioni ndio video inaanza kuharibika.

Thibitisha na programu ya bure inaitwa MediaInfo. Fungua faili, kwa sehemu ya video soma Frame rate mode. Ikisema Variable, umeshika mwizi. Pia utaona kiwango cha chini na cha juu, na ukiona chini ni 14 na juu ni 31 huna haja ya kuuliza zaidi.

Dawa yake inafanywa kabla ya kuediti, sio baada. Igeuze faili iwe na fremu zisizobadilika, ndio uiingize kwa taimulaini. HandBrake ni ya bure na inatosha: ingiza faili, nenda kwa Video, kwa Framerate chagua ile iliyo karibu na ya simu yako, kwa kawaida 30, chini yake weka alama kwa Constant Framerate, ubora weka RF 18 hivi, kwa Samplerate ya sauti weka 48, anza. Kwa ffmpeg ni hii:

ffmpeg -i simu.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 simu_sawa.mp4

Kama ffmpeg yako ni ya zamani na inakataa hiyo -fps_mode, weka -vsync cfr badala yake. Inachukua muda na faili inaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza, tafuta nafasi kwa diski kabla hujaanza. Hapa lazima picha itengenezwe upya, hakuna njia ya kukopi tu. Na kama ushaediti nusu nzima na faili ile mbaya, programu nyingi zinakuruhusu kubadilisha klipu na nyingine bila kupoteza mikato yako, lakini pitia kila mkato maana ulikata ukiangalia mahali pasipo sawa.

Ikiruka ghafla

Iko sawa dakika arobaini, alafu kutoka hapo imehama na inabaki imehama hivyo. Nenda mahali penyewe utazame kwa makini. Mara nyingi utaona picha inaganda kidogo ama mtu anaruka kutoka hapa hadi pale, hizo ni fremu zilizopotea kwa sababu memori kadi haikuweza kuandika haraka. Kadi feki ziko nyingi sana sokoni, na kadi inaweza kuandikwa GB 128 na kasi kubwa na isiwe na hata moja. Kata treki hapo hapo panaporuka, sogeza sehemu iliyobaki kama vile unavyotibu iliyohama, endelea mpaka mruko unaofuata.

Sababu nyingine ni faili zilizogawanywa. Kamera nyingi zikifika GB 4 zinafunga faili na kuanza nyingine, ibada ya saa mbili unaipata imekuwa vipande kadhaa. Kwa kila kipande sauti na picha zinaweza kupishana urefu kwa milisekunde chache, ukiviunganisha kimoja baada ya kingine tofauti zinajumlika. Kwa hivyo usiunganishe sauti za vipande vyote kuwa treki moja ndefu, acha kila kipande na sauti yake kwa taimulaini mpaka mwisho.

Kama sauti yenyewe ndio ina mapengo, kwa mfano rekodi ya laivu ama ya mkutano wa intaneti ambapo mtandao ulikuwa unakatika, jaribu hii kwanza:

ffmpeg -i mbaya.mp4 -c:v copy -af aresample=async=1000 -c:a aac -b:a 192k nzuri.mp4

Inasoma muda ulioandikwa kwa sauti, inajaza kimya palipo na pengo na kupunguza palipozidi. Isipobadilisha kitu ujue muda wenyewe uliandikwa vibaya na utarudi kwa kukata kwa mkono.

Siku ya kazi

Yote niliyoandika juu yanapungua sana ukifanya vitu vichache kabla ya kurekodi. Piga makofi mbele ya kamera ukianza, na piga tena kabla ya kuzima, watu wengi wanapiga ya mwanzo pekee lakini ni ile ya mwisho inayokuonyesha kama sauti inahama. Kama hutaki kusumbua watu kwa matanga, gonga maiki mara moja na kidole kamera ikiona.

Weka kila kifaa 48000 kwa sauti, kamera, rekoda, kompyuta, OBS (ile programu ya kurekodi na kurusha laivu), vyote. Fremu weka 25 kwa kila kamera inayoweza, stima yetu Kenya ni Hz 50 na 25 inaelewana na taa, ukirekodi 30 chini ya zile taa za mirija za ukumbini unaweza kuona picha ikipepesa. Simu ya pili nayo ikiwa na programu ya kamera inayoweza kufunga kiwango cha fremu, kifunge. iPhone iko na setingi inaitwa Auto FPS ndani ya setingi za kurekodi video, izime. Weka simu kwa hali ya ndege, itoe juani, acha nafasi ya kutosha.

Kwa OBS, fanya jaribio la makofi asubuhi kabla watu hawajaingia, rekodi nusu dakika, pima, alafu nenda Advanced Audio Properties na kwa sauti ya mixa andika ile namba kwa Sync Offset, kwa milisekunde. Ukibadilisha kamera ama kapcha kadi pima upya. Na rekodi kwa MKV sio MP4, kwa sababu MP4 ya kawaida inaandika orodha yake ya ndani mwisho kabisa, stima ikipotea katikati ya kiapo faili haifunguki, lakini MKV inakuachia kila kitu mpaka pale stima ilipokatika. Ukimaliza, kwa menyu ya File kuna Remux Recordings, inaigeuza kuwa MP4 bila kurenda.

Ukishaeksporti, usitazame dakika ya kwanza tu ukasema iko sawa. Ruka mpaka dakika tano za mwisho, ukiwa na earphone ya waya, uangalie midomo. Na orijino usifute kwa kadi mpaka mwenye video aitazame yote, kwake.

Kwa sababu kuna jambo moja linatokea huko kwake. Mteja mmoja, mama wa Milimani, alinipigia akaniambia, "Kijana wangu, mbona hapa nyanya anaongea kama wale wa soap za Kimexico?" Nikamwuliza, "Mama, TV imeunganishwa na spika gani?" Ilikuwa saundiba mpya, kwa Bluetooth, na kwa laptop yangu ile faili ilikuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. TV nyingi za siku hizi ziko na setingi kwa menyu ya sauti, zingine zimeiandika AV Sync, zingine Audio Delay ama Lip Sync. Angalia vizuri inafanya nini, kwa TV nyingi inachelewesha sauti tu, kwa hivyo inasaidia sauti ikitangulia, lakini kwa saundiba ya Bluetooth ambayo tayari imechelewa haitasaidia. Hapo mwambie aiunganishe na waya wa HDMI kwa ile shimo la TV lililoandikwa ARC, ama waya wa optiko kama ziko nao, alafu aicheze video tena kutoka kwa flash.